Zinki: Kopo la Baba, Vidonge vya Mtoto

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Nimepiga magoti mbele ya kabati la chumbani, natafuta pakiti ya ORS. Mtoto wetu, ambaye anakaribia miaka mitatu, alikuwa ameharisha mara nne tangu usiku wa manane. Wazazi wenzangu mnaijua hali hiyo: taa zote zinawaka, shuka limetolewa, ndoo iko katikati ya chumba na hakuna anayekumbuka kitu gani kiliwekwa wapi.

ORS niliipata kwenye droo. Pembeni yake nikakuta vidonge vya zinki tulivyopewa mwezi uliotangulia, alipoharisha mara ya kwanza. Tulipewa kumi. Vilikuwa vimebaki saba.

Nikaendelea kupekua, safari hii natafuta taulo, nikavuta begi la jimu la mume wangu. Likadondoka kopo. Kopo jeupe, kifuniko cha rangi ya dhahabu, picha ya simba, na maneno ya Kiingereza yanayoahidi nguvu, mbegu bora na heshima ndani ya nyumba. Nikaligeuza kusoma kilichomo: zinki, miligramu 50 kwa kila kidonge, meza viwili kwa siku. Vilikuwa sitini. Hivi vilikuwa vimebaki sita.

Basi nikakaa pale pale sakafuni. Karibu mwezi mzima mume wangu alikuwa analalamika kichefuchefu kila asubuhi. Nilishamtania mbele ya wifi yangu kwamba mimba tunayoitafuta imekosea njia, imeingia kwake. Tulicheka sana siku ile. Sasa nikakumbuka kwamba yeye hakucheka.

Mpenzi msomaji, sikusema kitu. Nikarudisha kopo kwenye begi, nikakoroga ORS, tukasubiri kupambazuke twende hospitali. Kabla sijakusimulia yaliyotokea huko, ngoja kwanza nikutambulishe kwa huyu zinki mwenyewe, maana yuko nyumbani kwako pia, tena sehemu nyingi kuliko unavyodhani.

Kwanza angalia juu

Mimi kemia niliiacha kidato cha nne na hatukuagana vizuri. Aliyenirudisha darasani ni fundi wetu wa kuezeka. Sisi, kama wengi wa rika letu, tunajenga kidogo kidogo, kiwanja kiko Kigamboni, upepo wa bahari unapiga moja kwa moja. Nilimuuliza fundi kwa nini bati la jirani limeshika kutu na la nyumba ya pili halijashika. Akachukua kipande cha bati jipya, akakikwangua kwa msumari mpaka chuma kikaonekana. "Hapa hapatashika kutu leo wala kesho, mama," akaniambia. "Hii nyeupe inaliwa kwanza, ikiisha ndo zamu ya chuma."

Hakukosea. Bati ni chuma kilichopitishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi. Zinki na chuma vikilowana pamoja, zinki ndiyo iliyo tayari zaidi kuachia elektroni zake, kwa hiyo inaoza yenyewe na kukiacha chuma kizima, hata pale palipokwanguliwa. Zaidi ya nusu ya zinki inayotumika duniani inaishia kwenye kazi hiyo ya kukinga chuma. Vyombo vya baharini navyo hufungwa vipande vya zinki chini ya maji, viliwe vyenyewe badala ya chombo, kisha vinabadilishwa.

Mnaojenga, mniazime sikio. Chumvi ya bahari inaimaliza zinki haraka, kwa hiyo ukiwa pwani usinunue bati kwa kuangalia bei tu; uliza unene wa chuma na unene wa zinki pia, maana ni vitu viwili tofauti. Bati zikipangwa zimebanana halafu zikalowa, zinatoa unga mweupe: hiyo ni zinki imeshaanza kuliwa kabla hata hujaezeka. Saruji mbichi ikidondokea bati, ifutwe hapo hapo.

Zinki ni metali ya rangi ya fedha yenye ubuluu kwa mbali, namba 30 kwenye jedwali la elementi. Inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na kuchemka kwenye nyuzi 907, na hapo ndipo ilipowasumbua wahunzi wa zamani, kwa sababu moto wa kuitoa kwenye mawe yake unaigeuza mvuke, ikapotea na moshi. Watu waliichanganya na shaba bila kuijua, wakapata ile shaba ya njano ambayo ndiyo unayoiona kwenye njumu za milango ya Zanzibar. Kuikamata zinki yenyewe walifanikiwa mafundi wa Zawar, huko Rajasthan, India, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Wazungu wanamtaja Mjerumani Andreas Marggraf, mwaka 1746. Huku kwetu, Kipushi karibu na Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho kinachosikika mtaani, mgodi wa zinki uliofungwa mwaka 1993 ulianza tena uzalishaji mwaka 2024.

Na ukishuka kutoka darini, zinki unayo kwenye betri za tochi, kwenye krimu nyeupe unayompaka mtoto akiungua na nepi, kwenye losheni ya pinki ya muwasho, na kwenye baadhi ya krimu za kuzuia jua wanazotumia ndugu zetu wenye ualbino.

Kijana wa Shiraz na pemba la mjamzito

Kwamba binadamu anahitaji zinki mwilini, tumelijua juzi tu. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad, mzaliwa wa India, na wenzake waliandika habari za vijana wa kiume waliowakuta Shiraz, Iran. Mmoja alikuwa na miaka 21 lakini ukimwona ungesema ni mtoto wa miaka kumi. Hajabalehe, sauti haijavunjika, damu imepungua. Chakula chake kilikuwa mikate ya ngano isiyotiwa hamira, nyama kwa nadra sana, na udongo. Ndiyo, udongo.

Mwanzoni ilionekana ni upungufu wa madini ya chuma. Lakini chuma peke yake hakielezi kwa nini mtu asibalehe. Prasad akaendelea na utafiti Misri, na kufikia mwaka 1963 jibu likapatikana: ni zinki. Vijana walipopewa zinki, wakarefuka na kubalehe. Kwa vijana wale haikuwa laana wala kurogwa, ilikuwa madini ya chini ya gramu moja.

Niliposoma habari ya udongo nilijisikia vibaya kidogo. Nilipokuwa mjamzito nililamba pemba kila siku, nalinunua sokoni, naficha ofisini kwenye droo. Kumbe udongo ukifika tumboni unaweza kushikilia chuma na zinki visiingie kwenye damu. Yaani mjamzito, ambaye mahitaji yake yameongezeka, anakula kitu kinachomnyang'anya. Na wengine wanasema eti tunalamba kwa sababu mwili unadai madini!

Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 2 hadi 3 tu za zinki, kama nusu kijiko cha chai cha chumvi. Lakini vimeng'enya zaidi ya 300 vinaitegemea. Kidonda kufunga, ngozi, kinga ya mwili, mtoto kurefuka, hata ulimi kusikia ladha. Kile kimeng'enya cha kwenye ini kinachovunja bia zako za Ijumaa nacho kimebeba zinki. Na mwili hauna ghala kubwa la kuiweka akiba, kwa hiyo inatakiwa iingie kila siku kidogo kidogo. Wataalamu wa Marekani wanapendekeza miligramu 11 kwa mwanamume na 8 kwa mwanamke. Mjamzito 11, anayenyonyesha 12.

"Mlimaliza dozi?"

Turudi hospitali. Muuguzi alikuwa dada wa makamo, sauti ya upole, macho ya mwalimu wa nidhamu. Akamwangalia mtoto machozi, macho, ngozi ya tumbo. Hakuwa amepungukiwa maji sana. Halafu akauliza: "Mara ya kwanza mlipewa zinki? Mlimaliza dozi?"

Mdomo wangu ukasema "Ndiyo" kabla akili haijafika.

Mume wangu alikuwa amembeba mtoto. Akanitazama tu. Nafikiri aliziona zile saba, au labda alizijua tangu zamani. Nikavuta pumzi. "Samahani dada, hapana. Tuliishia siku ya tatu. Kuhara kulikoma, nikajua amepona."

Hakunifokea. Alisema wengi wanaishia siku ya tatu, halafu akanieleza kitu ambacho mara ya kwanza hakuna aliyenieleza, au nilielezwa nikiwa sisikii. ORS ni ya leo, kurudisha maji na chumvi zilizotoka. Zinki ni ya leo na ya miezi ijayo. Mtoto anapoharisha, zinki yake inatoka na kinyesi, na utumbo wenyewe unakuwa umechubuka. Zile siku za mwanzo kidonge kinasaidia kuhara kuwe kwepesi na kuishe mapema. Siku zinazofuata kinajaza pengo, utumbo unajijenga, na uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu ijayo unapungua. Ndiyo maana WHO na UNICEF walipotoa tamko lao mwaka 2004 walisema siku 10 hadi 14, siyo mpaka kuhara kukome.

Dozi waliyoitaja ilikuwa miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Kuna jambo jingine la karibu yetu. Kidonge kile kina ladha ya chuma na watoto wengine wanakitapika, na ni hapa hapa Dar es Salaam, pamoja na New Delhi, ambako watoto 4,500 walishirikishwa kwenye utafiti uliotoka mwaka 2020 kuona kama dozi ndogo ingetosha. Miligramu 10 na hata 5 zilifanya kazi karibu sawa na 20, na kutapika kulipungua. Kwa hiyo usishangae ukiandikiwa kiasi tofauti na alichoandikiwa jirani yako. Mfuate aliyekuandikia, ila siku zimalize.

Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. ORS, pakiti ya lita moja inakorogwa kwenye lita moja kamili ya maji safi, siyo kikombe kwa kukisia. Na mtoto mwenye macho yaliyoingia ndani, asiyeweza kunywa, anayelegea au anayetoa damu kwenye kinyesi, huyo usimtibu nyumbani hata nusu saa.

Ndani ya gari

Tulikaa garini kabla ya kuondoka. Mtoto amelala nyuma. Mume wangu ndiye aliyeanza.

"Umeliona kopo?"

"Nimeliona."

"Ni vitamini."

"Vitamini zenye simba?"

Akanyamaza. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Mama ananiuliza kila Jumapili. Wewe hakuulizi, ananiuliza mimi."

Jamani! Mwaka na nusu tunatafuta mtoto wa pili, na muda wote nilijua maswali ni yangu peke yangu. Wifi, shangazi, mama wa kanisani, wote wananitazama tumbo kabla ya uso. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anamuuliza mwanamume pembeni, na kwamba yeye, badala ya kuniambia, amekwenda kununua simba wa laki na nusu.

Sikumlaumu. Mimi niliyetoka kumdanganya muuguzi ningemlaumu nani?

Tukaanza kulichunguza kopo pamoja. Ahadi zake hazikutoka hewani. Tezi dume ina zinki nyingi kuliko sehemu nyingi za mwili, na majimaji ya mbegu za kiume yana zinki tele. Mwaka 1996 Prasad yule yule alichapisha matokeo ya vijana wachache waliopunguziwa zinki kwenye chakula kwa wiki 20, na homoni yao ya kiume ikashuka sana. Upungufu kweli unaharibu mambo. Lakini biashara inachukua sentensi hiyo na kuigeuza: kama ukipungukiwa unadhoofika, basi ukizidisha utakuwa simba. Tangi likishajaa, maji ya ziada yanamwagika tu.

Na jambo hili limepimwa. Mwaka 2020 Marekani walitoa matokeo ya wenza 2,370 waliokuwa wanatafuta msaada wa uzazi. Nusu ya waume walimeza miligramu 30 za zinki pamoja na foliki asidi kila siku kwa miezi 6, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Waliopata mtoto, upande wa waliomeza ni 34 katika kila 100. Upande wa pili, 35. Mbegu hazikuwa bora kwa idadi wala kwa mwendo. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliomeza zinki walisumbuliwa zaidi na tumbo, kichefuchefu na kutapika.

Kichefuchefu! Pale mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kikomo kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, ukijumlisha na chakula. Yeye alikuwa anameza 100. Zinki ikizidi kwa muda mrefu inauzuia mwili kuchukua shaba, na mtu anaweza kuishiwa damu, hata miguu ikafa ganzi. Mfamasia tuliyemfuata jioni yake alimwambia aache, mwezi mmoja haujafika huko. Akamuonya pia kwamba zinki inashikana na baadhi ya antibayotiki, kama siprofloksasini na doksisaikilini, zisifanye kazi vizuri. Mtu anayetumia vyote lazima avipishanishe kwa saa kadhaa. Na supu ya pweza ya jioni? Kunywa kwa raha zako, ni tamu. Ila zinki ya pweza haiizidi ya nyama ya ng'ombe. Anayeongoza kwa zinki ni chaza.

Ukweli ambao kopo haliuandiki ni huu: karibu nusu ya wenza wanaochelewa kupata mtoto, mwanamume anahusika kwa namna fulani, na sababu ni nyingi. Mishipa ya korodani, maambukizi ya zamani, homoni, sigara, joto. Kipimo cha mbegu kinaeleza mengi kwa siku moja kuliko makopo kumi. Mkishatafuta miezi 12 bila mafanikio nendeni mkapimwe, na kama mama ana miaka 35 au zaidi, miezi 6 inatosha. Nendeni wote wawili.

Sufuria kabla ya kopo

Kwa mwenye afya njema, zinki inapatikana jikoni. Nyama nyekundu, maini, dagaa, kaa, mayai na maziwa vinayo, na mwili unaichukua kwa urahisi. Korosho, ufuta, mbegu za maboga, kunde na maharage vinayo pia, ila vimefungiwa na kitu kinaitwa faiteti, kinachoishikilia zinki isiingie mwilini. Ndiyo shida ya ile mikate ya Shiraz. Ndiyo shida ya dona: ina zinki kuliko sembe, na faiteti nayo kuliko sembe.

Bibi zetu walikuwa na dawa yake bila kujua kemia. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji. Otesha nafaka upate kimea. Chachusha uji. Togwa, ambayo siku hizi tunaiona kinywaji cha kijijini, inapunguza faiteti vizuri kabisa, na mkate wa hamira unaipita chapati kwa hilo. (Wapenzi wa chapati msinichukie, nami ni mwenzenu.) Ila togwa, juisi ya ndimu au kitu chochote kichachu usikiweke kwenye ndoo ya bati. Uchachu unaiyeyusha zinki, na mkusanyiko wote wa kitchen party unaweza kuishia kutapika.

Nyumbani kwetu leo ni siku ya saba. Kwenye mlango wa friji kuna karatasi yenye miraba kumi, saba ina alama ya vema. Baba ndiye anayeyeyusha kidonge kila jioni, mtoto anakunja uso, anameza, anadai biskuti. Kuhara kuliisha siku ya tatu, kama mara iliyopita.

Jumatano ijayo saa tatu asubuhi tuna miadi ya vipimo, sote wawili. Nilimpigia mama mkwe mwenyewe nikamwambia. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama tutahitaji mtu wa kukaa na mtoto.